Kamera Imesimama Wapi, Nuru Inatoka Wapi

Kila mwaka Juni ikikaribia, simu za watu wa Kisangani hujaa picha za Vita vya Siku Sita. Ni vile vita vya tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mitaani mwetu, na wenye mji tukiwa katikati. Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6,600 yaliyouangukia mji, raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Tangu tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, picha hizo zimezidi: wahanga kwenye foleni, wahanga wakijaza fomu, wahanga wakipewa mkono na wakubwa.

Safari hii ilinifikia video fupi. Mama mmoja aliyekatwa mguu ameketi kwenye sakafu ya saruji. Wakubwa wamesimama, na mwenye simu naye amesimama, tena juu ya ngazi. Jua la saa sita linampiga mama utosini, macho yake yamezama kizani, na kinachong'aa kuliko vyote ni shati jeupe la bwana aliyekuja kutoa hotuba. Binti wa jirani aliitazama, akaniuliza: "Papa, mbona mama huyu anaonekana kama kitu kilichookotwa?"

Hakuna aliyemtukana yule mama. Maneno yote yaliyosemwa yalikuwa ya heshima. Tusi lilikuwa katika mahali aliposimama mpigapicha na upande lilikotokea jua. Swali la binti lilinirudisha Bengamisa, maana huko ndiko nilikoanza kusoma picha, miaka mingi kabla sijashika kamera.

Bengamisa iko kwenye barabara ya Buta, kilomita kama 50 kaskazini mwa Kisangani. Mji unalishwa na vijiji vya njia hiyo: mihogo, mpunga, makemba na magunia ya makala yanayosukumwa kwa baiskeli mpaka mtu haonekani nyuma ya mzigo. Nilipokuwa mtoto, umeme wa bwawa la Tshopo uliishia mjini. Kwetu nuru ilinunuliwa kwa chupa: petroli ya taa, esansi ya jenereta. Anayekulia hapo hujua mapema kwamba mwanga hauwekwi ovyo. Ukiupeleka upande huu, kuna mtu wa upande ule uliyemwacha gizani, naye anakujua.

Shule yangu ya kwanza ya filamu ilikuwa banda la video, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Turubai juu, mabenchi ya mbao, televisheni moja ndani ya sanduku lenye kufuli, na jenereta ikipiga kelele nyuma ya ukuta wa matete. Tulikuwa na filamu moja ya mapigano ya Hong Kong tuliyoijua kwa moyo. Ndani yake kuna mahali ambapo shujaa anasimama mlangoni, anatazama, uso umetulia tuli. Picha inayofuata ni rafiki yake amelala chini amekufa. Banda zima lilikuwa likinyamaza hapo, na wengine walifuta machozi. "Tazama anavyolia kwa ndani," watu walisema.

Siku moja mashine ikaitafuna kaseti. Mwenye banda aliukata utepe ulioharibika kwa wembe, akaunganisha ncha kwa skochi, onyesho likaendelea. Kipande cha yule rafiki aliyekufa kikawa kimekwenda. Sasa shujaa alisimama mlangoni, akatazama kwa uso uleule, na picha iliyofuata ilikuwa meza yenye mabakuli ya wali na bata. Banda likaangua kicheko. "Huyu ana njaa!" Tangu siku hiyo hakuna aliyelia tena mahali pale. Mwigizaji hakuwa amebadilisha hata ukope.

Baadaye sana nilisoma kwamba jambo hilo lina historia. Katika Urusi ya baada ya mapinduzi ya 1917, mwongozaji Lev Kuleshov, kama wanafunzi wa filamu wanavyosimuliwa, aliuchukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mosjoukine akauunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza. Watazamaji waliusifu ufundi wa mwigizaji katika njaa na katika huzuni, kumbe uso ulikuwa mmoja. Wembe na skochi vilikuwa vimenifundisha hilohilo: picha haina maana ikiwa peke yake, maana inazaliwa pale inapokutana na jirani yake.

Ndiyo sababu siridhiki na kanuni inayofundishwa haraka haraka, kwamba kamera ikitazama kutoka chini humkuza mtu, na ikitazama kutoka juu humdunisha. Ni kweli nusu. Mtoto aliye juu ya mwembe akimtazama mama yake anayemngoja chini na ungo, hiyo ni picha kutoka juu, wala haimdunishi mama. Mpira wa miguu huonyeshwa kutoka juu, na hakuna mchezaji aliyelalamika. Katika ile video ya Juni, ngazi peke yake isingetosha kumtweza mtu. Lakini mara tu baada ya mama, simu iligeuka kwa bwana wa hotuba, ikashuka hadi usawa wa kifua chake, ikamsogelea mpaka ukamwona akivuta pumzi. Mmoja alitazamwa kama eneo, mwingine kama mtu. Picha hizo mbili zilipokaa pamoja ndipo zikasema lile ambalo hakuna kinywa kilichothubutu kulisema.

Somo la mwanga nililipata matangani. Mzee mmoja wa kijiji alikuwa amefariki, na usiku wanawake walikaa na mjane uani. Taa ilikuwa ya kopo, utambi wake unatoa moshi, nayo iliwekwa chini kwenye udongo katikati ya watu. Nuru ilipanda kutoka chini: ikashika kidevu, matundu ya pua na mifupa ya juu ya macho, ikaacha macho yenyewe kama mashimo. Sisi watoto tulimwogopa mjane. Mmoja wetu akaanza kulia, akasema bibi amegeuka mzimu.

Dada wa marehemu hakutufukuza. Aliinama, akaichukua ile taa, akaitundika kwenye msumari wa nguzo iliyokuwa ubavuni mwa mjane, usawa wa bega. "Mnamfanya mke wa ndugu yangu aogopwe na watoto," alisema. Papo hapo uso ukarudi. Shavu moja lilikuwa kwenye nuru, jingine kwenye kivuli. Jicho la upande wa taa lilikuwa na maji, na mstari wa chozi ulionekana ukishuka hadi pembe ya mdomo. Alikuwa mwanamke aliyefiwa, basi. Mtoto aliyekuwa analia alikwenda kukaa miguuni pake.

Wapigapicha wa filamu wanaishi kwa kazi ile ya dada wa marehemu. Filamu za kutisha hutia mwanga kutoka chini kwa sababu jua na mwezi havitoki huko, na jicho la binadamu hushtuka. Mwanga wa ubavuni huchonga uso, huonyesha kwamba ndani ya mtu mna pande mbili. Mwanga wa mbele kabisa hulainisha kila kitu, ndiyo maana matangazo ya sabuni huupenda. Na mwanga wa utosini huficha macho. Gordon Willis, aliyepiga The Godfather ya 1972, aliutumia kwa makusudi kwa Marlon Brando. Taa zilining'inizwa juu, macho ya mzee yakazama kivulini, na mtazamaji akabaki akijiuliza huyu bwana anawaza nini. Kiza kile kilimpa nguvu. Jua la saa sita la Kisangani lilifanya vilevile kwa mama wa kwenye saruji, lakini yeye lilimfuta. Tofauti ni kwamba Brando ndiye anayesikilizwa chumbani. Wote wanamngoja afungue kinywa. Mama hakuna aliyemngoja.

Nilipokuwa kijana nilishuka mjini, nikapata nafasi ya kujifunza katika studio ndogo karibu na soko kuu. Tulipiga picha za kadi, za ndoa na za ubatizo. Tatizo letu kubwa lilikuwa shati jeupe. Bwana harusi anakuja na shati linalong'aa na ngozi nyeusi tititi. Ukipima mwanga kwa kufuata shati, uso unatoka kama doa la wino lenye meno. Mzee wa studio alikuwa na dawa mbili. Ya kwanza: mita ya mwanga aliisogeza mpaka karibu na shavu, shati akaliacha lijitafutie. Ya pili ilikuwa shuka. Alilitandaza kwenye fremu ya mbao, akaliweka upande wa kivuli, likarudisha nuru ya dirisha shavuni. "Ngozi yetu haimezi mwanga," alikuwa akisema. "Inaurudisha kama mto unavyorudisha mbingu. Wewe mpe tu cha kurudisha."

Nilidhani ni hila za studio yetu tu. Kumbe tulikuwa tunarekebisha uamuzi uliopitishwa mbali sana. Kwa miongo mingi maabara za picha za Marekani na kwingineko zilipima rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Katika miaka ya 1970, waliolalamika hata wakasikilizwa na Kodak walikuwa pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani, kwa kuwa bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri. Basi hata kabla mpigapicha hajachagua pa kusimama, kuna mtu mwingine amekwisha kuchagua kwa ajili yake ni nani ataonekana bila shida. Simu za leo nazo zina mazoea yake. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, simu itautunza ukuta.

Miaka ile ya studio ndipo nilipoitazama The African Queen, kwa sababu watu wa Kisangani hupenda kusema kwamba filamu hiyo ni ya kwetu. John Huston alipiga sehemu ya picha zake mwaka 1951 kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, na nyingine Uganda. Hadithi yenyewe imewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Mpigapicha wake, Jack Cardiff, alikuwa fundi wa Technicolor. Kamera za mfumo huo ziliupasua mwanga kwenye tepe tatu za filamu, kwa hiyo zilikuwa nzito na zilikuwa na kiu ya nuru. Fikiria kiu hiyo chini ya miti ya Ruiki, ambako jua hufika chini likiwa limechanika vipande vipande! Ndiyo maana ilibidi msafara wao uelee mtoni na taa na jenereta yake. Na mwanga unaobebwa kwa gharama hiyo, bwana, haupotezwi: ulikwenda kwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn.

Niliitazama na mzee mmoja wa kando ya mto Lualaba. Mwanzoni mwa filamu kuna ibada kanisani. Wamisionari wawili, kaka na dada, wanapewa sura zao mmoja mmoja. Wanakijiji wanaonyeshwa kwa kundi, wakitoa jasho na kuimba wimbo ambao ni wazi hawauelewi. Mzee alingoja mpaka mwisho, akasema: "Mto nimeuona. Watu je?" Sijasoma uhakiki mfupi na mkamilifu kuliko huo. Filamu ni nzuri, Bogart alipata Oscar kwayo, na mto wetu haujawahi kupendeza vile. Lakini katika mpango wake wa picha, mto ulihesabiwa kuwa mhusika, wenye mto wakawa majani.

Fred Zinnemann naye alikuja Stanleyville, Kisangani ya leo, mwaka 1958 kupiga The Nun's Story, akafika hadi Yakusu kwenye makazi ya wenye ukoma. Alitaka sehemu za Ubelgiji zipigwe kwa nyeusi na nyeupe, kisha rangi iingie pale mtawa anayeigizwa na Audrey Hepburn anapofika Kongo. Studio ilikataa. Hoja yake ya kisanii naielewa: rangi iwe maana, isiwe pambo. Lakini tazama pia kazi ambayo Kongo ilikuwa imepewa, kuwa mlipuko wa rangi ndani ya roho ya mgeni.

Aliyenionyesha kwamba inawezekana vingine ni mtoto wa hapahapa. Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984, akasomea udaktari kabla ya kugeukia filamu. Katika Examen d'État ya 2014 aliwafuata wanafunzi wa Kisangani wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali. Baadhi wamefukuzwa darasani kwa kukosa pesa za walimu, wakajikusanya katika nyumba moja kujisomea. Nilipoiona, kitu cha kwanza nilichopima kilikuwa urefu. Vijana wakikaa chini, kamera inakaa nao. Wakibanana, inabanwa. Humtazami maskini kutoka ngazini. Unahisi goti la jirani yako.

Katika En route pour le milliard ya 2020, alisafiri na wahanga wa Vita vya Siku Sita kushuka mto hadi Kinshasa kudai fidia. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kongo kuingia katika uteuzi rasmi wa tamasha la Cannes, mwaka ambao korona iliufuta mkusanyiko wenyewe. Ndani ya boti kamera haina pa kukimbilia: turubai, mizigo, mvua ya usiku, viungo bandia na magongo vikipita karibu na lenzi. Mara kwa mara safari inakatizwa na jukwaa la mchezo wa kuigiza, wahanga walewale wakiwa kwenye taa, nyuma yao giza. Hapo mwanga hauwaangukii kwa bahati. Wameingia ndani yake kwa miguu yao na magongo yao, wanasimulia wenyewe, na wakimaliza wanatoka. Na kwa kuwa picha za jukwaani zinakaa jirani na za botini, maana ya zile za botini hubadilika: aliyelala chini ya turubai lenye kuvuja ni mtu ambaye dakika chache nyuma alikuwa ameishika hadhira nzima mkononi. Ni wembe na skochi ya banda letu, safari hii mkononi mwa mtu anayejua anachounganisha.

Siku hizi hupanda Bengamisa kufundisha vijana wanaotaka kutengeneza filamu kwa simu. Hatuanzi na simu. Tunaanza jikoni. Mara ya mwisho tulimpiga picha mama anayemenya mihogo ndani ya jiko la udongo lenye mlango mmoja. Kijana wa kwanza alisimama mlangoni, akaziba nuru yote kwa mgongo wake, kisha akalalamika kwamba ndani ni giza! Wa pili aliingia ndani akaugeukia mlango. Mama akawa kivuli cheusi mbele ya mstatili mweupe, picha nzuri ya mtu asiyejulikana. Wa tatu, binti, alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa ukuta, mlango ukawa kushoto kwake. Sasa nuru ilikuja kwa upande, ikapita kwenye moshi, ikaangukia nusu ya uso na mikono yote miwili. Ukaona kisu kidogo kikipasua ganda la muhogo kwa urefu, kidole gumba kikiliinua, ganda likitoka zima. Mama akasema, bila kuacha kazi: "Wewe ndiye umekuja kunitazama. Wale walikuja na simu."

Ile video ya Juni tuliijadili pia, na baadhi ya vijana wakaenda kwa mama mwenyewe mjini kumwomba ruhusa ya kupiga nyingine. Alikubali kwa masharti. Atakaa barazani asubuhi, jua likiwa bado chini. Mkubwa yeyote atakayetaka kuwamo naye akae. "Na msianze na mguu," akawaambia. "Mguu wameuona wengi. Anzeni na mimi, mguu mtaukuta." Ukizitafakari amri hizo, amepanga mwanga, urefu wa kamera na mfuatano wa picha, kazi tatu ambazo mwongozaji hulipwa kwazo.

Kwa hiyo wanaponiuliza siri, nawapa maswali mawili ya kuiuliza kila picha, yako au ya mwenzio: kamera imesimama wapi, na nuru inatoka wapi? Majibu yake hayahitaji vifaa vya gharama. Kukaa chini hakulipiwi. Kusubiri jua lishuke hakulipiwi. Kumuuliza mtu angependa aonekane vipi hakulipiwi, ila kunakula muda, na muda ndio ambao wengi wetu tunaona uchungu kuutoa.

Mahakama imekwisha kukadiria thamani ya miili yetu na nyumba zetu, na fungu hilo lina mwisho wake. Picha hazina mwisho wa namna hiyo. Watoto ambao hawakuisikia mizinga ya Juni 2000 wataijua kwa video hizi, na watakachojifunza ni pamoja na nani katika mji huu anastahili kutazamwa machoni. Shule zetu zinawafundisha kusoma herufi kwa miaka sita kabla ya kuwakabidhi cheti. Kusoma picha, wanayokutana nayo mara nyingi zaidi kuliko kitabu, hatujawatengea hata saa moja kwa wiki, ilhali simu tumekwisha kuwapa.